Bobezi Ashuke Mpaka Murongo

   

Msikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, jioni hii nataka tuzungumzie madaktari wanaosomea kutibu saratani za watoto na magonjwa ya damu. Najua mada inasikika kama ya watu wa Dar es Salaam, wenye hospitali za ghorofa na mashine za bei mbaya. Usizime redio. Jambo hili lilianzia karibu na sisi kuliko unavyodhani, na bila sisi wa vijijini lisingefika popote.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, alikuwapo daktari wa upasuaji kutoka Ireland, jina lake Denis Burkitt. Aliitwa kumtazama mtoto wa kiume ambaye taya zake zilikuwa zimevimba, kushoto na kulia, juu na chini. Jipu haliji namna hiyo, na uvimbe aliousoma vitabuni haukuwa na tabia hiyo. Muda si mrefu akaenda Jinja kikazi, akaona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Mmoja ungesema bahati mbaya. Wawili wakamkosesha usingizi. Mwaka uliofuata, 1958, akaandika makala ya kwanza kuhusu uvimbe ambao leo dunia nzima inauita kwa jina lake, uvimbe wa Burkitt.

Sasa sikiliza alichofanya baadaye, maana hapo ndipo penye mazungumzo yetu. Hakukaa Kampala akisubiri wagonjwa. Alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wenye uvimbe, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni sehemu nyingi za Afrika, akiuliza swali moja tu: huyu mmewahi kumwona? Majibu yakarudi, naye akawa anachomeka pini kwenye ramani. Oktoba 1961 akachukua gari kuukuu aina ya Ford, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakashika barabara kutoka Kampala kwenda kusini, Tanganyika ikiwa njiani. Walitembea wiki kumi, zaidi ya kilomita 16,000, wakapita hospitali zaidi ya hamsini, nyingi zikiwa hospitali ndogo zenye daktari mmoja na wauguzi wachache. Kila walipofika, picha zilitolewa mkobani na swali likawa lile lile.

Kwa hiyo, msikilizaji, ujuzi wa kwanza wa saratani ile ulitoka kwa muuguzi wa misheni, kwa tabibu wa wilaya, kwa mtu aliyekuwa ameona uso ule wodini kwake akakosa wa kumwambia. Kampala ilikusanya tu. Naomba ulishike hilo, nitalirudia.

Ramani ilipojaa pini, ikaonyesha mambo. Uvimbe ule ulipenda nchi za joto na mvua. Ukipanda milimani zaidi ya mita 1,500 hivi, katika nchi hizi za ikweta, unaanza kupotea. Watu wa Karagwe mtanielewa haraka, kwa sababu wilaya zetu zinapanda na kushuka mpaka huo: huku Kayanga tunavaa sweta asubuhi, na kule chini bonde la mto Kagera mbu wanakesha. Mbu ndio wenyewe. Baadaye wataalamu waliona kwamba mahali palipo na malaria ya mwaka mzima ndipo mtoto anapopatwa na uvimbe huu. Mwaka 1964, mjini London, Anthony Epstein na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walikuta kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Kirusi hicho karibu kila mtu anacho mwilini na hakimsumbui. Mtoto anayepigwa na malaria mara kwa mara, kinga yake ikichoka, ndiye anayeweza kugeukiwa nacho.

Na malaria hapa kwetu haikuwa hadithi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2007 na 2008 uliukuta mkoa wa Kagera na watoto wadogo 41 katika kila 100 wenye vijidudu vya malaria kwenye damu, kiwango cha juu nchini. Vikaja vyandarua, ikaja dawa ya kupuliza ukutani, na uchunguzi uliofuata, wa 2011 na 2012, ukakuta kama 8 katika 100. Waliopuliza nyumba zenu miaka ile, mkawalalamikia kwamba kunguni wameongezeka, huenda walikinga na saratani bila wao wenyewe kujua.

Turudi Kampala. Mwaka 1967 pale Mulago kilifunguliwa kituo cha kutibu uvimbe wa Burkitt, chini ya daktari kijana wa Kimarekani, John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Madaktari wake waliuonyesha ulimwengu kwamba kuna saratani inayoweza kuyeyuka kwa dawa, bila kisu. Ziegler aliondoka 1972, siku mbaya za Idi Amin, na kiti kikakaliwa na Charles Olweny, Mganda, aliyeendelea kutibu watoto katika miaka ambayo sisi huku tulikuwa tukisikia mizinga ya vita vya Kagera pale Kyaka.

Lakini hebu piga hesabu nami. Kituo kilifunguliwa 1967. Mafunzo rasmi ya kumfanya daktari wa watoto kuwa bobezi wa saratani na magonjwa ya damu, hapo hapo Kampala, yalianza 2016. Karibu miaka hamsini! Mahali palipoifundisha dunia kuhusu saratani ya watoto pakakaa karibu nusu karne bila kufundisha bobezi wake wa kazi hiyo. Aliyetaka alikwenda Afrika Kusini, Uingereza, Marekani, na si wote waliorudi. Simlaumu asiyerudi. Daktari aliyezoea maabara inayotoa jibu kwa saa tatu, ukimrudisha mahali ambapo jibu linachukua wiki tatu, atakuwa anaangalia watoto wakifa huku dawa yao anaijua kwa jina.

Mafunzo hayo ya 2016 yaliletwa na Chuo Kikuu cha Makerere na Mulago wakishirikiana na hospitali ya watoto ya Texas na chuo cha Baylor, mjini Houston. Baylor ya Mwanza wengi mnaifahamu, ile kliniki ya watoto wanaoishi na VVU pale hospitali ya Bugando. Ni jamaa wale wale. Waliona kwamba watoto waliookolewa na dawa za VVU bado wengine wanakufa kwa saratani, wakaamua kuingia na huko. Mwaka 2017 ukatangazwa mpango wa dola milioni 100, nusu yake ikitoka kwenye mfuko wa kampuni ya dawa ya Bristol Myers Squibb. Waliopita darasa la Kampala wametoka Uganda kwenyewe, Tanzania, Malawi na nchi nyingine. Kwetu nako serikali imekuwa ikilipia masomo ya ubingwa bobezi, mpango unaobeba jina la Rais Samia.

Bobezi ni nani hasa? Mtoto wako akimaliza kidato cha sita, anasoma udaktari miaka mitano. Mwaka mmoja wa mazoezi kazini. Kisha anafanya kazi, akibahatika anarudi shule miaka mitatu awe bingwa wa watoto. Hapo wengi wetu tungesema amemaliza. Bobezi anarudi tena, miaka miwili mingine, kwa ajili ya saratani na damu ya watoto tu.

Miaka miwili hiyo anafanya nini? Niwape jambo moja au mawili mlione kwa karibu. Anajifunza kuchoma sindano kwenye mfupa wa nyonga, kuvuta uboho, kuupaka kwenye kioo na kuusoma mwenyewe kwa darubini, asingoje mtu wa maabara. Anajifunza kupima dawa kwa ukubwa wa ngozi ya mtoto, yaani urefu na uzito vinaingizwa kwenye hesabu, kwa sababu dawa hizi ukikosea kidogo kwenda juu zinaua, ukikosea kwenda chini zinaulea ugonjwa. Ipo dawa inaitwa vinkristini. Asili yake ni lile ua la rangi ya waridi jepesi wanalolipanda watu mbele ya nyumba, lililotoka Madagaska. Ikiingia kwenye mshipa wa mkono, inatibu. Kuna dawa nyingine ambayo mtoto huyo huyo, pengine siku hiyo hiyo, anachomwa uti wa mgongo. Siku mtu akichanganya mabomba mawili hayo, vinkristini ikaingia mgongoni, mtoto hasalimiki. Basi bobezi anafundishwa kupanga siku tofauti, kuandika kwa herufi kubwa, kusoma kwa sauti mbele ya muuguzi. Mambo madogo namna hiyo ndiyo yanayokula miaka miwili.

Jambo la pili linauhusu uvimbe wenyewe wa Burkitt. Unakua kwa kasi isiyo ya kawaida, chembe zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku moja hivi. Na kwa kuwa unakua haraka, unakufa haraka vilevile. Ukimpa mtoto dawa kali siku ya kwanza, uvimbe unapasuka wote kwa mkupuo, taka zake zinaingia kwenye damu na kuziba figo. Wazazi wanaona taya limenywea, wanashangilia, kesho yake mtoto hakojoi. Anayejua anaanza na maji mengi ya dripu na vidonge vya kulinda figo, anapima mkojo kila baada ya saa chache, ndipo anafungulia dawa. Daktari asiyepita mafunzo haya anaweza kuwa mwerevu kuliko wote na bado akampoteza mtoto huyo.

Najua kuna mtu ameshashika simu anataka kunipigia. Atasema: bwana mtangazaji, zahanati ya kijijini kwetu mwezi uliopita haikuwa hata na dawa ya homa, wewe unatuletea habari za bobezi na uboho! Nakuelewa ndugu yangu. Hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Lakini nikujibu hivi: ugonjwa usio na wa kuutibu hakuna anayehangaika kuutambua. Tabibu aliyeambiwa chuoni kwamba saratani ya mtoto haina tiba, akimwona mtoto mwenye uvimbe atampa dawa ya usaha na kumwambia mama arudi baada ya wiki. Siku akijua kwamba Mwanza kuna mtu anayeponya, mkono wake utaandika rufaa siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi tajiri watoto zaidi ya 80 katika 100 wenye saratani wanapona, kwenye nchi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 dunia nzima ifike angalau 60. Dawa nyingi zinazotumika ni za zamani, nyingine za miaka ya hamsini na sitini. Pengo lile kwa sehemu kubwa ni la kuchelewa, kukosewa kutambuliwa na kukatiza matibabu.

Tuchukue mtoto wa kufikirika, wa Kaisho, miaka sita. Jino linalegea. Umri wa miaka sita meno hulegea, nani atashtuka? Bibi anacheka, anamwambia alirushe juu ya bati. Lakini lililolegea ni gego, la nyuma, na meno ya utoto huanza kung'oka mbele. Anapelekwa kwa anayeng'oa meno, linang'olewa. Baada ya siku kumi taya limevimba. Jirani anasema jino limeng'olewa vibaya, limeoza ndani. Anapakwa dawa ya majani. Wengine watasema kuna mkono wa mtu, atachanjwa. Zahanati anapewa vidonge vya usaha, kituo cha afya sindano za usaha. Inapotimia wiki ya tano, jicho limesukumwa mbele na tumbo limejaa.

Sasa inatajwa Bugando. Na hapa, wenzangu wa kahawa, mnajua kinachofuata. Fedha haipo, msimu haujafika. Baba anakwenda kwa mwenye nazo, anauza kahawa ikiwa ingali maua mtini. Ndiyo butura. Serikali imeipiga marufuku mara ngapi? Lakini mwenye mtoto mgonjwa hasomi tangazo la serikali. Kahawa ya mwaka mzima inageuka nauli ya watu wawili, kupitia Biharamulo na Geita, chakula cha wiki chache, na mahali pa kulala mama. Siku hizi daraja la Kigongo na Busisi limetuondolea kusubiri kivuko, nashukuru. Matibabu yenyewe ni miezi. Yupo mama anayefika, mtoto anapata dozi mbili, uvimbe unatoweka kabisa, uso unarudi. Nyumbani ameacha wengine watano na kibanja kimeota majani. Anajiambia: si amepona? Anapanda basi. Ugonjwa haukupona, umejificha tu, na ukirudi mara ya pili huwa hausikii dawa zile.

Ndiyo maana mimi nasema, na huu ni msimamo wangu, atakayebisha abishe: kumsomesha bobezi kisha kumfungia Mwanza au Muhimbili ni nusu ya kazi. Miaka miwili ile ya mafunzo, miezi mitatu angalau aimalizie kwenye hospitali kama Nyakahanga, Nyakaiga au Isingiro ya Kyerwa. Ashuke hata mpaka Murongo, penye daraja la mpakani. Asije kupiga picha na mkuu wa wilaya. Aje akae na matabibu wa zahanati, awaonyeshe uso wa mtoto huyo, awape namba yake ya simu, ajue basi la Mwanza linaondoka saa ngapi na nauli ni kiasi gani. Burkitt alikuja kwa hospitali ndogo kuchukua ujuzi. Bobezi wa leo aurudishe kwa njia ile ile.

Mtaniambia tuna kambi za madaktari bingwa wanaokuja kwenye halmashauri, wiki moja moja. Naziunga mkono, zimewasaidia wengi, hasa akina mama na wazee wa tezi dume. Ila saratani ya mtoto haingoji kambi. Inataka mtu aliyeko hapa kila siku, tabibu yule yule mnayemjua kwa jina, awe na macho ya kuitambua.

Sasa niligeukie la damu, maana kwa idadi ya watoto hili ni kubwa kuliko saratani, na linapewa redio kidogo kuliko linavyostahili. Nazungumzia selimundu, wengine mnaita siko seli. Inakadiriwa Tanzania inapata watoto kama 11,000 kwa mwaka wanaozaliwa nayo, tuko miongoni mwa nchi za juu kabisa duniani. Watafiti wa Bugando na wenzao walipima matone ya damu ya watoto zaidi ya 17,000 wa kanda hizi, Kagera ikiwamo, damu iliyokuwa imeshachukuliwa kwa kipimo cha VVU. Walikuta mtoto mmoja katika kila watano anabeba kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi kidogo ya mmoja katika mia ana ugonjwa wenyewe. Mmoja katika mia! Shule ya msingi yenye watoto mia nane, fikiria. Halafu utembee uwahesabu. Hutawakuta wanane. Bila matibabu, wengi wao hawafiki umri wa kuandikishwa.

Hata historia ya ugonjwa huu ina mguu wake jirani. Mwaka 1949, Hermann Lehmann na Alan Raper walipima damu za makabila ya Uganda, wakakuta wengine, kama Waamba wa magharibi chini ya Ruwenzori, karibu nusu yao wanabeba kinasaba, na wengine, kama Wahima wa Ankole, wachache mno. Miaka mitano baadaye Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaeleza sababu: anayebeba kinasaba kimoja malaria haimuui kirahisi. Kwa hiyo kinasaba hiki kililinda mababu zetu. Balaa linakuja mtoto akipewa viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama.

Narudia kwa sauti, kwa sababu kuna ndoa zimevunjika hapa hapa kwa jambo hili: kimoja kwa baba, kimoja kwa mama. Baba mkwe unayesema mwanamke ameleta ukoo wa wagonjwa, mwanao naye ametoa nusu. Mama hajamloga mtu.

Dalili huanza mtoto akikaribia miezi sita. Vidole vya mikono na miguu vinavimba kama vilivyoumwa na nyuki, mtoto analia ukimgusa. Baadaye macho ya manjano, damu kupungua kila mara, maumivu ya mifupa usiku hasa msimu wa baridi. Kijijini anaitwa mtoto wa kuumwaumwa. Na kuna hatari moja inayoua kwa saa chache: bandama inajaza damu ghafla, mtoto anakuwa mweupe viganjani, anazimia.

Kule Jamaika, kisiwa cha mbali ambacho watu wake wengi asili yao ni Afrika, daktari mmoja, Graham Serjeant, na wenzake waliwafundisha akina mama kitu kisichogharimu senti: kuligusa tumbo la mtoto upande wa kushoto, chini ya mbavu, kila siku, wajue bandama yake ya kawaida ikoje. Siku ikikua, mbio hospitali akaongezewe damu. Vifo vya namna hiyo vikashuka sana. Mama asiye na cheti chochote akawa mtaalamu wa bandama ya mwanawe. Ukiniuliza bobezi afundishwe nini cha ziada, nitasema afundishwe kufundisha hilo, kwa Kiswahili na kwa Runyambo, kliniki ya Jumatano, akina mama wakiwa wamekaa kwenye mabenchi na watoto mgongoni.

Vingine ni vya kawaida. Penisilini ya kila siku mpaka miaka mitano, vidonge vya foliki, chandarua bila kukosa, chanjo zote, maji mengi. Na hidroksiyurea, kidonge ambacho awali kilikuwa cha saratani, kinachopunguza maumivu na kumpunguzia mtoto safari za kuongezwa damu. Tanzania tunao watu wa kujivunia hapa: Profesa Julie Makani na wenzake wa Muhimbili wamejenga tangu 2004 moja ya kliniki kubwa za selimundu duniani. Na Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu tangu 2023, jambo ambalo zamani lilifuatwa nje ya nchi. Kupandikiza ni ghali na ni kwa wachache. Tone la damu la kisigino la kupima selimundu, mtoto akizaliwa hospitali ya wilaya, ndilo ningelipigania kwanza.

Kuna neno la fedha pia, na sitalimumunya. Mafunzo ya Kampala yamebebwa kwa kiasi kikubwa na fedha za Marekani. Mwaka 2025 tumeona wenyewe jinsi fedha za huko zinavyoweza kukatika kati ya jioni na asubuhi. Bobezi aliyekwisha kusoma hakatiki, elimu iko kichwani. Ila mshahara wake, dawa zake na muuguzi wake vikiwa kwenye bajeti ya mgeni, siku mgeni akiondoka tutabaki na daktari mwenye vyeti ukutani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipo tangu 2023. Waheshimiwa madiwani wa Karagwe na Kyerwa mnaonisikiliza, muulizeni mwakilishi wa bima, siku akija kwenye baraza: je, miezi sita ya dawa za saratani ya mtoto imo? Je, nauli ya mama? Msiridhike na jibu la tunaendelea na mchakato.

Na jambo la mpaka. Kutoka Murongo ukivuka daraja uko Kikagati, upande wa Uganda, na kutoka Kikagati mpaka Mbarara ni kilomita 70 na kidogo. Mbarara kuna hospitali ya rufaa inayotibu watoto wenye saratani. Mwanza kwa mtu wa Murongo ni mara kadhaa ya umbali huo. Umeme wa maporomoko ya Kikagati tunagawana, waya zinavuka mto bila pasipoti. Sioni kwa nini barua ya rufaa ya mtoto isivuke kwa makubaliano rasmi ya hospitali na hospitali, hasa pale ambapo daktari wa upande huu na wa upande ule wamesoma darasa moja Kampala.

Nimebakiwa na dakika chache, niwape ya kushika mkononi. Mpelekeni mtoto hospitali, si zahanati peke yake, mkiona taya au tumbo linavimba bila kukoma, gego linalegea, mboni ya jicho inang'aa nyeupe mkipiga picha kwa simu, homa na kupauka vinavyojirudia wakati kipimo cha malaria kinaonyesha hana, michubuko bila kuanguka. Uvimbe usikatwe wala kuchanjwa na mtu yeyote kabla haujapimwa. Mkipewa rufaa, ombeni iandikwe siku dalili zilipoanza na dawa zote alizopewa. Bebeni kadi ya kliniki, majibu yote ya vipimo hata yale yaliyokunjika, na namba ya simu ya tabibu aliyeandika. Mkifika, mwulizeni daktari mbele ya muuguzi: dozi ziko ngapi, na ya mwisho ni tarehe gani? Iandikeni nyuma ya kadi. Na kabla ya hiyo tarehe, hata uso ukirudi kama wa zamani, msipande basi.